Kadi Ikiibwa, Nani Hulipa? Historia ya Wakora na Duka Dogo la Mtandaoni

Leo tuweke kando mambo ya msimbo, tuzungumze historia. Nimekuwa nikiandika programu za malipo za maduka madogo kwa muda sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu lugha gani ya programu ni nzuri wala seva gani ni ya bei nafuu. Ni hili: mtu akinunua kwangu kwa kadi ya wizi, nani hubeba hasara? Wengi hudhani ni benki. Wengine hudhani ni yule maskini mwenye kadi. Ukweli ni kwamba, kwa duka la mtandaoni, kwa kawaida anayelipa ni mwenye duka. Ukilishika jibu hilo, msomaji wangu, historia nzima ya kupambana na ulaghai wa kadi inaanza kueleweka, maana karibu kila kinga iliyobuniwa ilibuniwa na yule ambaye hasara ilikuwa imemwangukia wakati huo.

Tupige hesabu kwanza. Tuseme unauza viatu kwa shilingi 5,000 na wewe mwenyewe umevinunua kwa 4,500. Faida ni 500. Mkora anakuja na nambari ya kadi ya mtu wa Ohio, anachukua jozi moja. Baada ya wiki kadhaa mwenye kadi anasoma taarifa yake ya benki, anashtuka, analalamika. Benki yake inazivuta zile 5,000 kutoka kwa benki yako, na benki yako inazivuta kutoka kwako. Viatu vimekwenda, pesa imekwenda, na juu yake unatozwa ada ya usumbufu. Itakubidi uuze jozi tisa kwa watu waaminifu ili urudi tu pale ulipokuwa, na hiyo ni kabla ya kulipa ada. Wenye biashara ya kadi huuita mvuto huo chajibaki, nami nitalitumia neno hilo hilo kwa sababu ndilo nisikialo madukani.

Sasa turudi nyuma. Kadi ya mkopo haikupata hata utoto wa amani. Mwezi Septemba 1958 Bank of America iliwatumia wakazi wa mji wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta. Hawakuwa wameziomba. Mtu alifungua bahasha akakuta kadi iliyo tayari kutumika, jina lake BankAmericard, ile ambayo mwaka 1976 iligeuzwa jina ikawa Visa. Mpango ulikuwa wa bwana Joseph Williams, naye alikadiria kwamba asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipwa. Zikawa asilimia 22. Kufikia mwisho wa 1959 kadi zipatazo milioni 2 zilikuwa mikononi mwa watu wa California, nyingine zikiwa mikononi mwa watu wasiostahili, na benki ikatangaza hasara ya zaidi ya dola milioni 8. Williams akaondoka.

Tazama ni nani aliyeumia hapo. Ni benki. Na kwa kuwa benki ndiyo iliyoumia, benki ndiyo iliyotafuta dawa: vijitabu vya nambari za kadi zilizoibwa vikapelekwa madukani, muuzaji akaamriwa apige simu kuomba kibali mauzo yakizidi kiasi fulani, na kuanzia 1973 kompyuta zikaunganishwa ili kibali kipatikane kwa muda usiofika dakika moja.

Kisha Bunge la Marekani likaingia kati. Mwaka 1970 lilipiga marufuku kutuma kadi zisizoombwa, na likaweka kikomo: kadi ikiibwa, mwenyewe asidaiwe zaidi ya dola 50. Mwaka 1974 likampa haki ya kulikataa deni asilolitambua na kuilazimu benki ichunguze. Ni sheria nzuri, na bila hizo sidhani kama watu wangethubutu kuandika nambari za kadi zao kwenye tovuti. Lakini hasara haiyeyuki kwa sababu bunge limepiga kura. Inahama. Kama muuzaji alikuwa na kadi mkononi, akachukua chapa yake kwenye karatasi, akapata kibali na sahihi ya mteja, hasara ilibaki kwa benki. Kama aliuza kwa barua au kwa simu, bila kuiona kadi wala kupata sahihi, hasara ilikuwa yake. Hiyo haikuonekana kuwa dhuluma kubwa, kwa sababu wauzaji wa namna hiyo walikuwa wachache na wengi wao wakubwa.

Maduka ya mtandaoni yalipozaliwa katika miaka ya 1990, yaliingizwa kwenye droo ile ile ya wauzaji wa kwa barua. Kijana mwenye kompyuta moja chumbani kwake aliamka akiwa na mzigo uliokuwa umekatwa kwa kipimo cha kampuni kubwa.

Mama mmoja wa hapa Nairobi niliyemtengenezea duka la mikoba aliniuliza, "Lakini kijana wangu, si mashine ilisema imekubaliwa?" Swali zuri sana, na nimelisikia mara nyingi. Neno "imekubaliwa" maana yake ni kwamba akaunti ipo, haijafungwa, na ina nafasi ya kutosha. Halisemi kwamba anayebonyeza kitufe ndiye mwenye kadi. Mashine ilijibu swali tofauti na lile ambalo mama alidhani ameuliza.

Kuchanganya maswali kwa namna hiyo kuna historia ndefu. Chukua zile tarakimu za kadi zenyewe. Mwaka 1954 mhandisi wa IBM, Hans Peter Luhn, aliomba hataza ya kifaa cha kukagua nambari, akaipata 1960. Kanuni yake ndiyo inayotumika kwenye kadi hadi leo. Unaanza kulia ukielekea kushoto, kila tarakimu ya pili unaizidisha kwa mbili (ikizidi 9 unatoa 9), kisha unajumlisha zote. Jumla ikigawanyika kwa 10, nambari ni halali. Jaribu na 4111 1111 1111 1111, nambari ya majaribio ambayo sisi waandishi wa programu tunaijua kama tunavyojua majina yetu: ile 4 inakuwa 8, tarakimu saba za 1 zinakuwa 2, yaani 14, na nane nyingine zinabaki 1. Nane na 14 na 8 ni 30. Imepita.

Luhn alikuwa anatafuta makosa ya kuandika, kama karani akibadilishana tarakimu mbili. Hakuwa anatafuta wezi. Lakini huduma nyingi za mwanzo mtandaoni ziliichukua kanuni yake kama mlinzi wa mlangoni. AOL, kampuni kubwa ya intaneti ya Marekani wakati ule, ilikuwa ikifungua akaunti mara nambari inapopita hesabu, na malipo yanashughulikiwa baadaye. Vijana wakaandika programu za kutunga nambari zinazopita, maarufu zaidi ikiitwa AOHell, wakawa wanatumia huduma bure hadi akaunti ifungwe, kisha wanatunga nyingine. AOL iliziba mwanya huo mwaka 1995. Vijana hao hao wakageukia kuwatumia watu ujumbe wa kujifanya wafanyakazi wa AOL ili wawape maneno ya siri, na hapo ndipo lile balaa la barua za kuvua taarifa za watu lilipopata umaarufu.

Wakati huo huo hofu ya umma ilikuwa mahali pengine kabisa. Tarehe 11 Agosti 1994 mtu mmoja wa Philadelphia alinunua CD ya mwanamuziki Sting kwa dola 12.48, ada ya kutuma juu yake, kutoka NetMarket, duka dogo la vijana wa Nashua, New Hampshire. Nambari ya kadi ilisafiri ikiwa imefungwa kwa fumbo, na gazeti la New York Times likaliandika jambo hilo kesho yake kama habari kubwa. Kila mtu aliogopa kwamba mwizi angetega sikio kwenye waya. Netscape ikaleta SSL, kile kifuli kidogo kwenye kona ya dirisha, na ikawa kama kila kitu kimeisha.

Wezi hawakuwa na haja ya waya. Kwa nini uvizie barabarani kumkamata mtu mmoja mmoja wakati pesa zote zimelala ghalani? Mwezi Januari 2000 ilifahamika kwamba mtu aliyejiita Maxus alikuwa ameingia kwenye hifadhidata ya CD Universe, duka la muziki la mtandaoni, akadai ana nambari za kadi 300,000, akaomba dola 100,000 ili anyamaze. Duka likakataa, naye akaanika maelfu ya nambari hizo kwenye tovuti. Kifuli cha SSL kilifanya kazi yake vizuri kabisa siku hizo zote.

Visa na MasterCard walikuwa wamejaribu kulitatua jambo lote kwa mpigo mmoja. Mwaka 1996 walitangaza mfumo ulioitwa SET, na toleo la kwanza likatoka Mei 1997. Kiufundi ulipendeza: duka halikuhitaji kuiona nambari ya kadi kabisa. Lakini mteja alitakiwa kwanza aweke programu ya pochi kwenye kompyuta yake na apate cheti cha kidijitali, ili hatimaye anunue kitabu. Mfumo ulikufa. Nimewahi kupitia maelezo yake na nakiri uhandisi wake ni wa kuheshimika, lakini aliyeuandika hakuwa amewahi kumsubiri mteja dukani.

Dawa iliyofanya kazi ilitoka kwa watu waliokuwa wakivuja damu wenyewe, na hapa nataka tukae kidogo.

Mwaka 1994 Bill McKiernan na John Pettitt walianzisha duka lililoitwa software.net, wakiuza programu za kompyuta mtandaoni, na mteja aliweza kuzipakua papo hapo. Fikiria wewe ni mwizi. Ukiiba kwa duka la viatu lazima utoe anwani ya kupelekewa, na kuna siku kadhaa za kusubiri ambazo mtu anaweza kushtuka. Kwa duka la programu unabandika nambari, unapakua, umemaliza, na anwani uliyoandika si lazima iwepo duniani. Ndiyo maana maduka ya vitu vya kupakua yalipigwa mapema na vibaya. Pettitt akalazimika kuandika programu ya kupima kila agizo kabla halijatimizwa. Baadaye kazi hiyo ya kupima ikawa biashara kubwa kuliko duka: duka lilikwenda njia yake kwa jina la Beyond.com, na upande wa malipo ukawa CyberSource, kampuni ambayo Visa iliinunua mwaka 2010 kwa takriban dola bilioni 2.

Mojawapo ya mbinu za Pettitt ilipewa hataza mwezi Februari 2000, nayo ni rahisi ajabu. Agizo likiingia, tazama anwani ya IP lilikotoka. Kisha tafuta maagizo mengine yote yaliyotoka anwani hiyo hiyo, uorodheshe kadi zilizotumika. Mtu wa kawaida hutumia kadi moja, pengine mbili. Anwani ikiwa na kadi sita za majina sita ndani ya saa moja, huyo hanunui, anajaribu funguo alizookota.

CyberSource iliishtaki kampuni nyingine, Retail Decisions, ikidai imeiga mbinu hiyo. Kesi ikafika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho huko Marekani, na Agosti 2011 majaji wakaibatilisha hataza katika vipengele vilivyobishaniwa. Sababu yao ndiyo ninayoipenda: walisema hatua hizo mtu anaweza kuzifanya kichwani mwake, au kwa kalamu na karatasi, na wazo la namna hiyo halimilikiwi na mtu.

Mawakili waliisoma hukumu hiyo kama habari ya hataza za programu. Mimi naisoma kama maelezo bora ya kazi yenyewe. Kwa kalamu na karatasi! Yaani daftari. Mwenye duka mtaani anajua kwamba mtoto wa jirani hajawahi kununua mchele kilo ishirini, na akija kuutaka jioni kwa noti mpya ya elfu moja, atamuuliza mama yako anajua? Duka la mtandaoni lilikuwa limempokonya mwenye duka macho hayo. Pettitt alimrudishia jicho moja.

PayPal walifika hapo hapo kwa njia yao. Mwaka 2000 walikuwa wakipoteza zaidi ya dola milioni 10 kwa mwezi kwa ulaghai wa kadi, na Max Levchin na wenzake wakajaribu kuziacha kompyuta ziamue peke yake. Wezi wakajifunza na kubadili mbinu ndani ya saa chache. Kilichowaokoa ni mfumo walioupa jina Igor, ambao ulichota miamala yenye kutia shaka na kuiweka mbele ya binadamu kwa njia iliyo rahisi kuiona, kisha binadamu akaamua. Maduka madogo hayakuwa na jeshi la wachunguzi, lakini kwa maagizo ishirini kwa siku huhitaji jeshi. Unahitaji mtu mmoja na dakika kumi.

Benki nazo zilileta vyao. Kule Marekani, Kanada na Uingereza kulikuwa na ulinganishaji wa anwani: duka linatuma tarakimu za mtaa na msimbo wa posta, benki inasema zinalingana au hazilingani. Kukaja nambari tatu za nyuma ya kadi, wazo lililoanzia Uingereza mwaka 1995. MasterCard ilianza kuzitoa 1997, na kufikia 2001 kadi za Visa za Marekani zilikuwa nazo pia. Ujanja wake uko kwenye katazo: duka haliruhusiwi kuzihifadhi baada ya kibali kupatikana. Hivyo mwizi wa namna ya Maxus akivunja ghala, anakuta nambari za kadi bila zile tatu. Katazo hilo limo katika kanuni za usalama za PCI, zilizotolewa kwa mara ya kwanza Desemba 2004, na bado nakutana na watu wanaotaka niwawekee safu ya nambari tatu kwenye hifadhidata "ili mteja asisumbuke tena". Jibu langu ni fupi.

Halafu mwaka 2001 Visa ikaleta mfumo wa 3-D Secure, ule wa dirisha la benki linalojitokeza katikati ya malipo kuuliza neno la siri. Chambo chake kilikuwa kitamu: duka likiutumia na mteja akathibitishwa, hasara ya ulaghai inarudi kwa benki iliyotoa kadi. Kwa mara ya kwanza mwenye duka dogo alipewa njia ya kuushusha mzigo. Lakini dirisha lenyewe lilifanana na mtego. Mara nyingi halikuonyesha linatoka tovuti gani, na mteja alitakiwa ajisajili pale pale katikati ya kununua. Wasomi wawili wa Cambridge, Steven Murdoch na Ross Anderson, waliuchambua mwaka 2010 na hawakuuonea huruma. Wateja wengi walifunga dirisha na kwenda zao, na baadhi ya maduka yakaona heri wakora wachache kuliko kukosa wateja. Toleo jipya lilichapishwa 2016, na lile la zamani likazimwa Oktoba 2022. Siku hizi mteja mara nyingi huthibitisha kwa simu yake, au haulizwi kabisa kama benki haina shaka.

Kuna jambo moja lililosukuma haya yote ambalo halikutokea mtandaoni. Ni chipu. Tarehe 14 Februari 2006 Uingereza ilikamilisha kuhamia kadi za chipu na nambari ya siri madukani. Kughushi kadi kukawa kugumu, na wezi wakahamia pale ambapo chipu haiwezi kusomwa. Hasara ya mauzo yasiyo na kadi mkononi huko Uingereza ilikuwa kama pauni milioni 150 mwaka 2004. Mwaka 2008 ilizidi pauni milioni 320. Ni kweli kwamba mauzo ya mtandaoni nayo yalikuwa yakikua kwa kasi, kwa hiyo si ongezeko lote ni la chipu. Hata hivyo mlango mmoja ulipofungwa, waliogongwa ni wa mlango wa pili, na hakuna aliyewauliza.

Mpaka hapa nimezungumzia Marekani na Uingereza, na nina sababu. Kanuni hizi zote zilitungwa huko, zikasafiri ndani ya programu mpaka kwetu zikiwa na mawazo ya kwao. Ulinganishaji wa anwani unadhani kila mtu ana nambari ya nyumba na mtaa. Sisi tuna S.L.P., na mara nyingi ni ya shule au ya ofisi. Kuhesabu kadi kwa anwani ya IP kunadhani kompyuta moja ni mtu mmoja. Lakini kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, Wakenya wengi walikuwa wakiingia mtandaoni kutoka saiba, watu thelathini nyuma ya anwani moja, na ikiwa saiba inatumia setilaiti, anwani yenyewe ingeweza kuonekana kana kwamba iko Ulaya. Kwa macho ya kanuni ya Pettitt, saiba yoyote ya Tom Mboya Street ilikuwa pango la wezi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni maduka ya zawadi kwa walio ughaibuni, yaliyoanza kuchipuka hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mteja yuko Boston. Kadi ni ya Boston. Anamnunulia mama yake keki, unga na mafuta ya kupikia, vipelekwe Nakuru. Saa za Nairobi ni usiku wa manane. Anatumia jina la mtu mwingine kwa mpokeaji, na anataka ifike kesho kwa sababu ni siku ya kuzaliwa. Pitisha agizo hilo kwenye orodha yoyote ya dalili za ulaghai iliyoandikwa California: anwani mbili tofauti, nchi mbili tofauti, nchi ya Afrika, usiku, haraka. Linaanguka kila mtihani. Na huyo ndiye mteja wao wa kawaida kabisa! Maduka hayo yalilazimika kugeuza kanuni juu chini. Kwao agizo la kutiliwa shaka lilikuwa lile la simu tatu za bei ghali kwa mpokeaji ambaye akipigiwa hawezi kusema jina la mwanawe aliyemtumia.

Upande wa pili wa mambo, maduka mengi ya nje yaliamua kwamba njia rahisi ni kuzifunga nchi nzima. Mkenya mwenye kadi halali na pesa halali aliandika anwani yake, akaambiwa huduma haipatikani kwake. Mwenye duka aliyefanya hivyo hakuona hasara yoyote kwenye vitabu vyake, na hilo ndilo linalonisumbua. Chajibaki ina tarehe, kiasi na ada. Mteja mwaminifu aliyefukuzwa hana mstari popote. Basi kanuni ikikazwa daima inaonekana imefaulu.

M-Pesa ilipoingia Machi 2007 ililipindua swali lenyewe. Kwenye kadi, duka ndilo linalovuta pesa, na ufunguo wa kuvutia ni nambari iliyochapishwa juu ya plastiki na ambayo umeshawapa watu mia. Kwenye M-Pesa, mwenye pesa ndiye anayeisukuma, kwa nambari ya siri asiyompa muuzaji. Mkora akiijua nambari yako ya simu hajapata kitu. Lakini wakora hawakulala njaa. Wakaanza kumwonyesha muuzaji ujumbe wa uongo wa "umepokea Ksh", au kumtumia kutoka simu ya kawaida ujumbe uliopangwa ufanane na wa kweli, na muuzaji mwenye haraka akatoa mzigo. Tena hasara ikaangukia pale pale. Tangu Safaricom ilipowafungulia waandishi wa programu lango la Daraja mwaka 2017, duka dogo linaweza kupata taarifa ya malipo moja kwa moja kwenye seva yake, bila kutegemea ujumbe wa simu ya mtu. Ila seva nayo inapaswa kuhakikisha taarifa hiyo imetoka inakodai kutoka, na kwamba kiasi ni kile kile. Nimeona msimbo wa maduka ambao unaamini chochote kinachogonga mlango.

Kwenye kadi, vita vya sasa vina sura mbili nyingine. Ya kwanza ni wezi kuingiza vipande vya msimbo kwenye ukurasa wa malipo ili vinakili kadi mteja anapoiandika. British Airways iliumwa hivyo mwaka 2018 na ikatozwa faini ya pauni milioni 20 mwaka 2020. Kwa duka dogo dawa ni kutoishika kadi kabisa: acha ukurasa wa malipo uwe wa kampuni ya malipo. Ya pili inawapata wadogo hasa. Mwizi aliyenunua nambari elfu kumi anataka kujua zipi bado ziko hai, hivyo anatafuta duka lisilo na ulinzi, anatuma maagizo ya dola moja moja kwa mashine usiku kucha. Haibi bidhaa yoyote. Anakutumia wewe kama kipima umeme. Asubuhi unakuta ada za majaribio elfu tatu na barua kali kutoka kwa benki yako.

Yule mama wa mikoba nilimwekea ukomo wa majaribio kwa kila anwani na kwa kila kadi, na ukurasa mmoja anaoufungua kila asubuhi akinywa chai. Unaonyesha maagizo ya jana, na kando ya kila moja: kadi hii imewahi kuonekana? Anwani hii imetumia kadi ngapi? Simu hii imewahi kupokea mzigo? Haukatai agizo lolote peke yake. Yeye ndiye anayepiga simu, anasalimia, anauliza mkoba ni wa nani. Makala ijayo nitaonyesha jinsi ya kuujenga ukurasa huo kwa PHP na MySQL, pamoja na namna ya kutambua kadi ile ile bila kuhifadhi nambari yake.